Iko Inalia ao Inakoroma

Baba,

Mjukuu wako ameuma gitaa. Sasa hivi tu, hata mate hayajakauka. Nililiegesha kwenye benchi hapa nje ya kanisa, nikageuka kumsalimia mama mmoja wa kwaya, kurudi namkuta Riziki amekumbatia shingo ya gitaa kwa mikono miwili, kichwa cha gitaa kiko mdomoni mwake, macho kayatoa kama mtu anayesikiliza habari ya mbali. Ana meno sita sasa. Nimemwondoa, akapiga kelele kama nimemnyang'anya ziwa. Nikaangalia nyuma ya kichwa cha gitaa, pale pembeni ya alama za meno yako. Ameacha vidoti viwili, vidogo kama vya panya.

Nimecheka, halafu nikajikuta nimekaa chini.

Ndiyo maana nimetoa daftari. Wanakwaya bado wanaingia mmoja mmoja, Mwalimu Obedi ameenda kuazima waya wa kuunganishia spika, na mimi nina nafasi kidogo. Riziki nimempa kikombe cha bati agonge gonge chini. Mwandiko wangu unaujua, usinicheke. Darasa la saba nililimalizia kwenye meza yako ya kazi, na kukuandikia nimezoea. Miaka minne ya mwisho tulizungumza hivyo, mimi naandika kwa penseli ya fundi kwenye kipande cha plaiwudi, wewe unasoma na kunijibu kwa sauti ya kuamsha mtaa, halafu tunapiga msasa maneno yanafutika, tunaanza mengine. Mazungumzo yetu yote yaliishia kuwa vumbi la mbao, Baba. Leo nimeona niandike kwenye karatasi, isiyopigwa msasa.

Nianze na habari za huku.

Karakana yako ya Kasingirima amepangishwa kijana wa kutengeneza simu. Ni kijana mzuri, ana heshima, ananiita dada. Amepaka rangi ya bluu juu ya lile neno GITAA uliloliandika ukutani, lakini rangi yake nyepesi, mvua ikipiga ukuta ukalowana herufi zako zinatokeza. Watu bado wanafika na magitaa yao yaliyovunjika shingo. Anawaelekeza kwangu Gungu. Ndiyo, meza yako iko kwangu. Baba Riziki aliibeba kwa mkokoteni na wenzake wa bodaboda, na tangu siku hiyo tunalia chakula kitandani, maana chumba kimekwisha. Hajalalamika. Anasema tu, "Mke wangu nilikuoa wewe, sikujua naoa na meza."

Ziwa limepanda tena. Kule wamama wa dagaa walikokuwa wanaanika, sasa ni maji. Wamesogea juu.

Na nimeanza gitaa langu, la kwanza kutengeneza mwenyewe kuanzia kuchonga. Ule ubao wa mninga uliokuwa nyuma ya mlango. Nimelikata umbo, likatoka nene upande mmoja, Baba Riziki akauliza ni gitaa au kiazi kikuu. Nitalipunguza. Nimekumbuka ulivyosema kwamba mbao haikasiriki, inangoja tu mtu apate akili.

Sasa hayo siyo niliyotaka kukuandikia.

Nakumbuka siku nilipogundua masikio yako yanakuacha. Nilikuwa na miaka kumi na mitano hivi, Mama alikuwa ametutangulia mwaka wa pili, na mimi nilishazoea kushinda karakanani maana nyumbani palikuwa kimya. Akaingia mteja Muha kutoka milimani, mtu wa heshima, akavua kofia, "Mwakeye, Mzee." Wewe bila kuinua kichwa ukajibu, "Alhamisi." Akadhani hujamwelewa Kiha, akasema, "Shikamoo, Mzee." Ukasema, "Nimesema Alhamisi, ndugu yangu, haraka ya nini?" Kwa kuwa kila aliyeingia mle aliuliza kazi yake itaisha lini, wewe uliona midomo inacheza ukajua ni swali lilelile. Nilicheka mpaka nikamwaga vanishi. Wewe hukucheka. Yule mtu alipoondoka ukafunga mlango, ukaniambia, "Sikia, mama. Fundi gitaa kiziwi ni sawa na mupishi asiye na ulimi. Hii habari ibaki hapa, kati yako na mimi na hizi mbao."

Uliniita mama toka nazaliwa. Watu wa huku walishangaa, mzee anamwita mtoto mama, nikawaeleza ni mapenzi ya watu wa ng'ambo. Miaka yote uliyokaa Ujiji ng'ambo haikutoka ulimini mwako. Ulivuka ziwa kijana, na bendi, mkapiga huku harusi mbili tatu, wenzako wakarudi, wewe ukabaki kwa sababu gitaa la solo lilidondoka majini pale bandarini na uliahidi kulitengeneza kwanza. Halikupona. Ukatengeneza jingine badala yake, na hukuacha tena. Spika mbovu ulizipasua ukatoa sumaku. Feni zilizoungua ulizifumua ukapata waya wa shaba, mwembamba kuliko unywele wangu, ukauzungusha kwenye sumaku kwa gurudumu la baiskeli iliyopinduliwa juu chini. Kile kidude kinachokaa chini ya nyuzi na kuipeleka sauti kwenye spika, wengine wana jina lao la dukani, wewe ulikiita sikio. "Leta sikio." "Hili sikio bado bichi." Kwaya ngapi za mwambao huu zimeimba kwa masikio ya mikono yako sijui, nilijaribu kuhesabu wakati wa msiba nikashindwa.

Uliyajengea magitaa masikio, yako yakaisha. Sijui Mungu aliliona hilo au alikuwa anaangalia pengine.

Lakini ulikuwa mjanja, Baba. Ukagundua ukiuma kichwa cha gitaa na kukwaruza nyuzi, sauti inapita menoni inaingia fuvuni, unaisikia kama zamani. Wateja waliona alama za meno nyuma wakadhani ndiyo saini yako. Mmoja alirudisha gitaa jipya akilalamika halina meno, labda ni bandia! Ukaliuma mbele yake, akaondoka anacheka. Yule hatukumwambia kitu.

Ila meno hayasikii spika. Kilichobaki kwenye mbao na nyuzi ulikipata, kilichotoka kwenye spika hukukipata, na huko ndiko ulikoniweka mimi. Mimi nilikuwa sikio la mwisho la kila gitaa. Unaliwasha, unanitazama usoni, unauliza, "Iko inalia ao inakoroma?"

Ao. Sisi huku tunasema au; hata kama ni neno moja tu dogo, sijamsikia mtu mwingine akilisema hivyo.

Kulia ndiko kuzuri. Linalia, safi, hakuna kitu nyuma ya sauti. Kukoroma ni ule mngurumo unaokaa chini, hata usipogusa uzi, kama mtu aliyelala chumba cha pili. Nikisema linakoroma, hata kama ni kidogo, hata kama mteja yuko mlangoni na hela mkononi, unafungua tena. Hukuwahi kunibishia. Mara moja tu nakumbuka nilisema linakoroma, kumbe ilikuwa friji ya jirani, ukafumua gitaa zima, ukalirudisha, nikakiri, ukasema, "Afadhali sikio linaloogopa." Sikuelewa wakati ule.

Sasa nafika, Baba. Nitaandika polepole.

Jumamosi ya kuamkia Pasaka. Hili gitaa lililoumwa na mjukuu wako ndilo lile. Kwaya hii ya Katubuka walikuwa wameliagiza tangu Krismasi, ukalifanyia kazi kuliko lolote nililowahi kuona, maana ulishasema mikono inachoka. "Hii njo ya mwisho, mama. Nataka ilie mpaka malaika waulize fundi ni nani." Riziki alikuwa na miezi mitatu. Nilikuja naye asubuhi nikasema nitakaa saa moja, ikafika saa tisa. Alikuwa na joto kidogo, analia tangu mchana, gauni langu limelowa maziwa kifuani, na Baba Riziki yuko nje na pikipiki anapiga honi kwa sababu ameacha abiria wa sikukuu ili atufuate. Mwalimu Obedi naye amekaa kwenye kigoda anangoja gitaa lake.

Ukaliwasha. Ukaliuma, ukakwaruza, ukafumba macho. Uso wako ukawa wa kijana. Halafu ukanitazama. "Iko inalia ao inakoroma?"

Lilikuwa linakoroma, Baba.

Siyo sana. Lakini lilikoroma, nikalisikia wazi, na nikajua nikisema utaondoa nyuzi zote, utafungua bamba la nyuma, utatafuta, na kazi hiyo kwako ilichukua masaa mawili. Mwalimu alikuwa ametoka nje kuongea na simu, hakusikia. Ungeweza kuweka kiganja kwenye spika, ungeuhisi mngurumo ule kwa ngozi. Wakati mwingine ulifanya hivyo kwa vijana wengine waliokuja kusaidia. Kwangu hukuwahi kufanya, na siku hiyo hukufanya.

Nikasema, "Inalia, Baba." Sikuandika hata kwenye plaiwudi. Nilisema kwa mdomo, ukausoma.

Ukapiga kofi moja kubwa la furaha.

Nilijiambia kanisani watakuwa na spika kubwa, mngurumo utamezwa. Nilijiambia nitakuja Jumanne nitafute sababu tulifungue. Mtu akitaka kusema uongo, sababu zinamjia zimeshavaa viatu.

Kesho yake ulivaa ile suti ya kahawia. Wakakuweka mstari wa mbele na wazee, mimi nyuma yako kidogo na mtoto. Kwaya ikasimama, Mwalimu akawasha gitaa, na kabla hajagusa uzi kanisa zima likasikia. Spika kubwa haikuumeza. Iliukuza. Wakajaribu kuimba juu yake, solo ikiingia ni mngurumo, solo ikitoka ni mngurumo. Vijana wa nyuma wakaanza. "Zima jenereta!" Mwingine, "Fundi kaweka pikipiki ndani!" Watu wakaficha midomo kwa vitenge, halafu wakaacha kuficha. Hata mchungaji alicheka, akainamisha kichwa.

Na wewe, Baba. Wewe ulikuwa unapiga mguu chini kwa mapigo ya kwaya, unaangalia vidole vya Mwalimu. Ukaona watu wanacheka, ukadhani ni furaha ya Pasaka. Ukageuka nyuma ukanitafuta machoni, ukaninyooshea dole gumba.

Na mimi nikakunyooshea langu.

Hicho ndicho kinachoniamsha. Uongo wa Jumamosi nauelewa, nilikuwa nimechoka, nilikuwa mama wa miezi mitatu. Kile kidole sikielewi.

Jumatatu Mwalimu Obedi akaja karakanani. Alikuja na adabu, akakusalimia kwa mikono miwili, akaona penseli na plaiwudi mezani, hakujua ni vya nini, akadhani ni vya hesabu za mbao. Akaongea. Wewe ukatazama midomo yake, alikuwa na ndevu, hukuipata. Akarudia. Ukasema, "Alhamisi." Mimi nilikuwa pale, na sikucheka. Mwishowe akashika penseli kwa hasira kidogo, akaandika kwa herufi kubwa: GITAA LINAKOROMA. WATU WAMECHEKA.

Ulisoma mara mbili, nikaona midomo yako inatembea. Ukainua macho. Hukumtazama yeye, ulinitazama mimi, na sijui ulitazama muda gani. Nikamnyonyesha Riziki, ambaye hakuwa na njaa.

Halafu ukasema, "Mwalimu, kosa ni yangu. Huyu mutoto aliniambia. Mimi njo sikusikia."

Mwalimu akauliza hukusikia vipi, na wewe ukagusa masikio yako yote mawili, ukasema, "Mimi ni kiziwi. Njo vile. Miaka sasa." Ukasema kwa sauti yako ile kubwa, mlango wazi, mtaa mzima unapita.

Ile siri uliyoniachia na mbao, Baba. Uliitoa mwenyewe nje, kama mtu anavyotoa kitanda kumlaza mgeni, ili yangu isionekane. Na mimi niliiacha uitoe. Nilikuwa na mdomo, nilikuwa na penseli karibu na mkono, sikusema.

Baada ya hapo unajua mwenyewe. Habari ilitembea haraka kuliko bodaboda, fundi kiziwi, fundi kiziwi, wakawa wanakwenda mjini kununua magitaa ya kiwandani. Kwaya wakaazima jingine, hili wakalitupa stoo kati ya viti vilivyovunjika. Wewe hukunigombeza. Ulinipa kazi ndogo ndogo kama kawaida, lete gundi, shika hapa, mtoto amelala? Kitu kimoja tu kilibadilika. Hukuniuliza tena. Uliwasha gitaa, ukaweka kiganja kwenye spika, ukafumba macho. Niko pale pale, hatua mbili kutoka kwako.

Niliandika mara tatu. Kwenye plaiwudi, "Baba nilikudanganya." Mara ya kwanza ulikuwa umegeuka, nikapiga msasa kabla hujageuka tena. Mara ya pili akaingia mtu. Mara ya tatu hapakuwa na mtu, na hukuwa umegeuka mbali, ni mimi tu, nikapiga msasa mpaka plaiwudi ikatoboka. Ukaniuliza, "Unalainisha nini, mama?" Nikaandika, "Hakuna."

Ulipolazwa na kile kifua, mvua za kwanza, niliandika kwenye plaiwudi nyumbani kabisa. Kalamu ya wino, ili nisiweze kufuta. Nikaifunga kwenye kanga, nikapanda pikipiki. Nikakukuta umelala. Muuguzi akasema muache apumzike. Nikaiweka chini ya shuka, upande wa mkono wako wa kulia, nikasema akiamka ataigusa. Hukuamka. Walipokutoa nilitafuta kitandani, nikatafuta chini ya kitanda, haikuwepo. Sijui nani aliichukua. Labda mtu aliona ubao tu akautupa. Kila nikiwaza kwamba labda usiku uliamka kidogo, ukaishika, najizuia. Sitaki kujipa kitu ambacho sikukipata.

Msibani walisimama watu kukusifu. Mwalimu Obedi alisema vizuri sana, machozi yalimtoka. Akasema, "Hata lile gitaa la mwisho hatumlaumu Mzee, masikio yalikuwa yameisha." Watu wakaitikia, kweli, kweli. Mimi nilikuwa mkekani na wanawake. Hatumlaumu. Ningeambiwa wanakulaumu ningeweza kusimama nikagombana nao. Mtu anayekusamehe kwa kosa lisilo lako ningemjibu nini?

Mwezi uliopita nilienda nikaliomba gitaa. Mwalimu akanitolea stoo, limejaa vinyesi vya mijusi, akasema, "La nini tena, mama? Liache lipumzike na mwenyewe." Nikasema nataka kulifungua. Nikaliweka kwenye meza yako, Riziki akalala, nikaondoa nyuzi, nikafungua bamba la nyuma.

Unajua ilikuwa nini? Ule waya mwembamba unaotoka chini ya nyuzi, wewe ukiuita waya wa kutuliza. Ulikuwa umeulehemu vizuri, ila risasi ya kulehemu haikushika upande mmoja, waya umekaa juu yake tu, umeegemea kama mtu anayesubiri afunguliwe mlango. Basi. Niliweka chuma cha kulehemia kwenye jiko la mkaa, kikapata moto, nikagusa. Hata uji wa Riziki haukuwa umepoa. Nilidanganya nikidhani naokoa masaa mawili, na kazi ilikuwa fupi kuliko kupoza uji.

Nilikaa pale na chuma mkononi mpaka kikapoa.

Halafu nikalijaribu kwenye spika ya jirani. Nikazima redio, nikamwomba mama wa chumba cha pili azime friji yake kidogo, akanishangaa lakini akazima. Nikasikiliza nikiwa nimefumba macho. Sikusikia kitu, Baba, kimya kabisa. Nikagusa uzi mmoja. Nikaogopa kuamini nikafungua tena nikaangalia, nikafunga, nikasikiliza tena. Siku nne hivyo. Baba Riziki akasema nitaliua kwa kulifungua. Sikujali. Afadhali sikio linaloogopa.

Nikamwambia Mwalimu Obedi nitalileta mwenyewe, siku ya mazoezi, kwaya ikiwepo yote. Akafurahi, akadhani nataka wanipigie makofi. Hajui. Aliyejua ni mume wangu tu, nilimwambia juzi. Akasema, "Marehemu hana kesi, mama Riziki. Wewe ndiyo utabaki hapa. Nani atampa gitaa lake fundi aliyesema uongo juu ya sauti?" Hakusema kwa ubaya. Ni kweli anachosema. Mikono ninayo bado ya kujifunza, kiazi changu kiko pale kinashuhudia. Kitu pekee nilicho nacho cha kuwapa watu ni kwamba nikisema linalia, linalia. Nikisimama leo nikasema ile nyingine, labda ndiyo nimefunga karakana kabla ya kufungua.

Nimeliwaza hilo njia nzima kutoka Gungu, mtoto mgongoni, gitaa mbele. Nilipofika hapa karibu na mti wa maembe wa kanisa nilitaka kugeuza. Nikasema nitalitoa tu, nitasema ni zawadi, nitarudi kupika.

Lakini jina lako wanalitaja hivi, Baba: fundi mzuri, bahati mbaya masikio. Nimelisikia tena sasa hivi hapa mlangoni. Yule mama niliyemsalimia amelitazama gitaa akasema, "Lile la jenereta hilo? Pole, maskini, mzee wa watu." Akanishika bega. Na Riziki atakua hapa. Ataimba kwenye kwaya hii labda. Atasikia babu yake alikuwa mtu aliyechekesha kanisa siku ya Pasaka.

Basi siwezi kurudi kupika.

Nitakuahidi mambo machache tu, maana nikiahidi mengi nitadanganya tena. Kile kiazi nitakimaliza, hata kikichukua mwaka, na Riziki nitamfundisha kusikiliza kabla sijamfundisha kupiga. Atakayeniuliza kuhusu sauti, hata awe na haraka gani, hata mimi niwe nimelowa maziwa, nitamjibu kile ninachosikia. Hayo ni ya baadaye. La mwisho ni la leo.

Lala, Baba. Nakuombea uliko usikie kila kitu, hata vitu vidogo, hata kunguru. Nakushukuru kwa kunificha. Sikustahili kufichwa, na kufichwa kule kumenilemea kuliko fimbo, lakini najua ulifanya kwa mapenzi, na mapenzi yako nayapokea yote, pamoja na hayo.

Mwalimu amerudi na waya, nawaona wanaunganisha spika. Wamekaa wote, hata wale vijana wa nyuma. Riziki amechoka na kikombe, ananivuta kanga. Nimeyapanga maneno, ni machache, nimeyasema njiani mpaka yamekuwa kama wimbo. Sitasubiri wapige kwanza. Nikiingia tu, kabla hawajaliwasha, nitasema, ndugu zangu, Mzee hakukosea kusikia, Mzee aliniuliza mimi, na mimi siku ile nilisikia vizuri kabisa, nikamtazama usoni nika

Wananiita, Baba, "Mama Riziki, ingia basi, lete gitaa!" Nakuja, nawaambia nakuja, ngoja nimbebe mtoto, nita